Kuosha Kikosi cha Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Leo kaja mtu wa midoli.

Naandika kama ilivyo. Nimetoka saiti na saruji mpaka ndani ya masikio, nakuta mzee kasimama mlangoni kwangu, shati limepigwa pasi, mikononi glavu nyeupe. Nikasema huyu daktari kachelewa, mgonjwa wa nyumba hii alishakufa mwaka jana. Kumbe ni Katibu wa Chama cha Wakusanyaji. Chama chenyewe — wanaume wazima, wengine wana wajukuu, wanakutana kuonyeshana wanasesere! Marehemu mume wangu alikuwa mwanachama. Miaka yote mimi najua anaenda kunywa. Afadhali angekuwa anakunywa, ningejua pa kuanzia kugomba.

Katibu ananiita shemeji. Anasema shemeji, Jumamosi ya wiki ijayo tuna maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba, tunaomba kikosi cha marehemu. Kile kikosi cha mashujaa wa plastiki kwenye kabati la stoo. Eti ni cha zamani sana, hakitengenezwi tena, watu wanakitafuta dunia nzima. Nikamwambia dunia nzima haijawahi kupita kwenye stoo yangu.

Akasema kitakaa kwenye kabati la kioo, la mbele kabisa, ukiingia tu. Na chini yake kibao cha shaba chenye jina la marehemu. Jina kamili.

Hapo mzaha ukaniisha.

Mume wangu alikuwa mchora vibao. Mtaa huu wote ni mkono wake. Duka la dawa, kinyozi, fundi viatu, hata yule muuza mabati anayepunja watu, kaandikiwa MWAMINIFU kwa herufi zenye kivuli. Majina ya watu wote kayapamba. Lake halipo popote. Kaburini kuna kibati kaandika mtu mwenye mkono mbaya, herufi zinapanda juu zinashuka chini kama kuku. Angekiona angefufuka akirekebishe, halafu alale tena.

Basi nikasema chukueni. Katibu akafungua kabati, akaruka nyuma kama kaona nyoka. Vumbi. Kijivu kitupu, huwezi kujua nani shujaa nani adui. Akasema hawa waoshwe kwanza, lakini rangi isiguswe! Sheria ni kikosi kamili, rangi ya kiwandani. Ikibanduka, au ikiwa imepakwa nyingine, hakuna kabati la mbele. Wanawekwa meza ya nyuma karibu na choo, na meza ya nyuma haina kibao.

Nikamuuliza kwa nini asioshe yeye mwenye glavu. Akanionyesha mikono. Inatetemeka, mzee wa watu. Glavu zinapepea kama nguo kwenye kamba. Nikaona haya, nikasema nitaosha.

Alipofika barabarani akageuka, akapaza sauti kuhusu yule wa kike. Lori la kokoto likapita katikati. Nikampungia.

Kuosha midoli. Kitu gani!

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na mmoja wao, wa mguu mmoja. Nikafanya tunavyofanya saiti jioni tukiosha makarai: maji, mchanga kidogo, steli wulu, sugua.

Alikuwa na masharubu. Sasa hana.

Alikuwa na macho pia.

Nimemrudisha kabatini, nimemgeuza aangalie ukuta.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimwita binti. Anafanya saluni, anajua mambo ya rangi na nywele na kudanganya nyuso. Kaja na mfuko. Kamwona yule niliyemsugua, kapiga ukelele kama nimechinja mtu.

— Mama! Huyu ulimwosha au ulimpiga?

— Nilimwosha.

— Kwa nini, alikufanya nini?

Akanikalisha mezani kama mwanafunzi. Akaanza somo. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, plastiki ya zamani inalegea. Sabuni ya vyombo tone moja kwenye beseni. Mswaki wa mtoto mchanga, ule laini. Usisugue, mama, gusa tu, gusa uinue, gusa uinue, kama unampaka mtoto dawa. Penye rangi tumia vijiti vya pamba. Kwenye mikunjo kijiti cha kuchokolea meno, ukivishe pamba. Usimtumbukize mzima — ndani ya kiuno mna skrubu na mpira, maji yakiingia skrubu inapata kutu, mpira unakatika, anakatika vipande viwili. Usimwanike juani, atakuwa wa njano. Mfute, mlaze kwenye taulo kivulini. Jiki marufuku. Dawa ya kufuta rangi ya kucha ndiyo usiiguse kabisa, inakula plastiki yenyewe. Ukikuta tone la rangi lisilo lake, chukua spiriti kidogo, jaribu kwanza chini ya unyayo.

Nikamwambia wewe nilikulea bila mambo haya yote, na rangi yako ipo.

Akacheka. Akachukua kijiti cha kwanza kabisa kwenye boksi, akakilowesha, akanishika kidevu. Eti kovu langu la kwenye nyusi limejaa saruji. Akalisafisha hapo hapo, gusa uinue. Kijiti kikatoka cheusi. Akasema ona, umeelewa sasa.

Jioni nimemwosha kiongozi wao. Mimi namwita Kidevu, maana kidevu chake peke yake kinaweza kubeba tofali. Jasho limenitoka kuliko kumwaga zege. Lakini jamani — chini ya lile vumbi ana koti la bluu, vifungo vya dhahabu, na ndani ya jicho katone keupe kadogo kuliko chembe ya chumvi. Yupo mtu kiwandani alikaa akaweka katone kale. Na huyo naye alikuwa na mke anayemuuliza leo umefanya kazi gani.

Ijumaa, 7 Machi

Saiti wamejua. Sijui nani kasema. Bonge, yule fundi ninayemchanganyia udongo wa kujengea, kasimama juu ya jukwaa akatangaza ghorofa nzima isikie:

— Jamani, mama huyu nasikia siku hizi anaogesha wanaume!

Nikamjibu naogesha, na wote wana adabu, hakuna anayefungua mdomo. Wewe lini unaoga?

Wakacheka mpaka Nyapara akapiga filimbi. Nyapara hapendi kicheko, kinachelewesha ukuta.

Mvua mchana. Kitambaa changu cha kichwani kimekuwa rangi ya tope. Nimekifua. Kimerudi kuwa cha machungwa, kiasi.

Jumamosi, 8 Machi

Nusu siku kazini. Kisha nimewaosha watatu. Bwana Misuli — kifua kama mfuko wa saruji, kichwa kama ndimu. Mvaa Barakoa — siri kubwa, nimemgeuza nyuma, barakoa imefungwa kwa kitu kilichochorwa tu, haivuki hata sikio. Na yule anayepiga kelele, mdomo wazi tangu azaliwe. Nimemsafisha meno. Sijawahi kumsafisha mtu meno.

Bwana Misuli alikuwa na tone jekundu kwenye buti. Juu ya kabati lile marehemu alikuwa anaweka makopo yake ya rangi, yanachuruzika. Nikajaribu spiriti unyayoni kama nilivyoambiwa. Kimya. Nikaenda kwenye buti. Gusa uinue. Tone limetoka, buti limebaki jeusi, linang'aa. Nilijisikia fundi. Nimejipongeza kwa sauti, nikaangalia nyuma kama kuna mtu.

Mikono yangu hii imezoea chepe. Ajabu inavyotii.

Jumapili, 9 Machi

Leo zamu ya mwanamke. Yuko mmoja tu kwenye kikosi kizima, ndiyo kawaida, mmoja kwenye kila saiti. Nimemwita Malkia kwa sababu ana mkanda wa dhahabu, basi.

Huyu ndiye mchafu kuliko wote. Kaachwa chini kabisa ya makopo, nadhani. Vumbi liliposhuka nikakuta kichwani kamwagikiwa rangi ya machungwa, nywele zote! Usoni ana mstari wa kahawia kama tope, kwenye nyusi. Mkononi, mahali pa upanga, mtu kambandikia kifuniko cha chupa kilichopakwa rangi ya kijivu. Kifuniko! Mtoto gani alikuwa anacheza na hiki kitu? Nimekibandua kwa kisu, nimetupa.

Spiriti unyayoni. Kimya. Nikaenda kichwani.

Hii ngumu. Imekaa nene, imekaa vizuri, haichuruziki kama yale matone mengine. Vijiti na vijiti. Mchana wote uliobaki. Chini yake nywele nyeusi za kiwandani zinatokea taratibu, nzuri, mpya. Upande mmoja wa kichwa umekwisha. Nikahamia kwenye ule mstari wa usoni, ukatoka nusu. Vijiti vikaisha. Nitaagiza vingine kwa binti.

Nimechoka lakini nimeridhika. Kwa kazi hii kabati la mbele ni letu. Kibao cha shaba. Ningependa wachore zile herufi zenye kivuli.

Jumatatu, 10 Machi

Zege siku nzima. Mgongo umekufa. Gari la taka limepita mtaani, nimetoa pipa. Basi.

Jumanne, 11 Machi

Sijui naanzaje.

Katibu kaja kukagua. Glavu zile zile. Nimempangia kikosi mezani juu ya taulo, mstari mmoja, Kidevu mbele. Mzee kavua miwani, kafuta, kavaa. Akasema shemeji! Shemeji! Hakuna aliyebanduka! Yule wa mguu mmoja akasema usijali, huyo ni wa ziada, hahesabiwi. Nikasema pole yake, kafa bure.

Kisha akamfikia Malkia. Akamtazama na kile kichwa chake nusu nyeusi nusu machungwa. Nikajua atasema sijamaliza, nikaanza kujitetea na vijiti. Yeye akanishika mkono kwa furaha.

— Hongera sana shemeji. Sikutegemea. Mimi siku ile nilikuambia kule barabarani huyu wa kike tutaongea, niliogopa utakataa. Tulimwomba marehemu kila mkutano aitoe hii rangi, tupate kikosi kamili. Akawa mkali! Anasema huyu haendi popote bila kitambaa chake.

— Kitambaa gani?

— Cha kichwani. Hiki.

Akagusa ile machungwa iliyobaki.

— Na karai lake umeliweka wapi?

— Karai gani?

— Lile la mkononi. Alilitengeneza mwenyewe, la kifuniko. Alikuwa anasema hawa wengine wote wana bunduki, huyu ndiye mwenye kazi. Akimweka mezani anamweka mbele ya kiongozi. Tukawa tunacheka, tunamwambia mama watoto kafika, mkutano uanze.

Nikauliza, mama watoto nani?

Katibu akanitazama. Akatazama nyusi yangu. Akamtazama Malkia. Mzee wa watu akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

— Shemeji. Nilidhani unajua. Si ndio wewe?

Akatoa simu, akatafuta kwa kidole kinachotetemeka, muda mrefu, akapita wajukuu wake wote. Akanionyesha. Marehemu kavaa shati lake la mikutano — la kunywa, nilivyojua mimi. Anacheka meno yote. Mkononi kamwinua Malkia kwa ajili ya picha. Kitambaa cha machungwa kimefungwa fundo kwa nyuma, mpaka mikunjo ya fundo kaichora. Karai la kijivu. Kovu kwenye nyusi, brashi ya nywele moja.

Kitambaa kile yeye ndiye alinichagulia. Machungwa inaonekana mbali, alisema, dereva wa lori asiseme hakukuona. Maneno ya mchora vibao.

Nimeosha uso wangu mwenyewe kwa spiriti, Jumapili nzima, na nikajipongeza.

Katibu akakohoa. Akasema, kwa sauti ya chini sasa, lakini akasema: ila shemeji, kwa kuwa nusu imeshatoka... ukimalizia iliyobaki, kikosi ni kamili, rangi ya kiwandani. Kabati la mbele. Kibao. Jina lake litakaa pale ukumbini, halitolewi hata maonyesho yakiisha. Ukiacha hivi, mimi ni mtu mmoja tu, kamati haitanielewa.

Nikamwambia nimesikia. Nikamwomba ile picha amtumie binti.

Nikaenda kwenye pipa. Tupu, safi. Gari la taka mwaka mzima linachelewa, jana limewahi!

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda kazini. Nimerudi.

Bonge kaniuliza vipi wale wanaume. Nikaenda kuchota maji. Mchana kaninyanyulia karai mwenyewe, akanitwika bila neno. Atakuwa anaumwa.

Alhamisi, 13 Machi

Binti kaja na vijiti. Boksi mbili. Kaweka mezani, kaweka na simu yenye picha. Kalia kidogo, kapenga kamasi, kisha kaanza:

— Mama, malizia.

— Malizia nini?

— Kuitoa. Rangi ya baba iko kila mahali, kila ukuta hapa mtaani. Jina lake haliko popote. Mama, hata kaburini ni aibu! Hii ndiyo nafasi moja.

— Wanisugue mimi nitoke ndipo baba yako aandikwe?

— Si wewe. Ni mdoli.

— Juzi hukusema ni mdoli. Juzi ulinifundisha kumshika kama mtoto.

Akaisogeza simu karibu yangu. Akasema, polepole, wewe upo mama. Unaonekana. Yeye haonekani tena.

Kalelewa na mimi, ulimi kautoa kwangu. Kaenda zake kakasirika, mlango kaubamiza, kisha karudi kuufunga vizuri.

Nimekaa na Malkia na boksi mbili za vijiti. Nikajiuliza inakuwaje mtu asijue uso wake. Kila asubuhi nauona. Nikaenda kwenye kioo cha ukutani. Kovu langu liko upande wa mkono huu wa kushoto, pale lilipo tangu tofali liniangukie. Nikamtazama Malkia mkononi: lake liko upande ule mwingine. Nikasema ona, hata hakupatia! Kakosea! Nikafurahi kabisa, nikasema basi si mimi, ni mwanamke mwingine, nimsugue.

Kisha nikamwinua, nikamweka shavu kwa shavu na mimi mbele ya kioo.

Makovu yamekaa upande mmoja.

Hajakosea. Mimi najijua kwa kioo, yeye alinijua kwa kunitazama. Mtu akiwa mbele yako upande wake wa kushoto uko kulia kwako. Jambo dogo, mtoto analijua. Miaka yote hakuna aliyenitazama kwa kituo hivyo isipokuwa yeye, na mimi namwambia acha kukodoa macho, kachukue maji.

Ijumaa, 14 Machi

Katibu kapiga simu kupitia binti. Shemeji, kesho asubuhi nakuja na boksi lenye sponji, vipi, umemalizia? Nikasema namalizia. Sikusema kipi.

Nimeingia stoo. Kopo la machungwa lipo. Juu limeganda ngozi ngumu, nimelitoboa kwa msumari, chini kuna rangi hai bado, kidogo, inanuka kama marehemu akirudi jioni. Brashi zake kazifunga kwenye gazeti, zimeoshwa. Mtu wa kuosha brashi alikuwa. Viatu vyake mwenyewe hapana, brashi ndiyo.

Kijivu hamna. Nikacheka peke yangu. Mimi nikose kijivu! Nimechukua kifuniko cha chupa, nikakikwaruza, nikakorogea saruji na gundi kwenye kijiko, nikakipaka. Karai lake lilikuwa la rangi. Langu ni la saruji kweli. Linakwaruza ukiligusa. Nimeliacha likauke dirishani.

Nimevijaribisha vidole kwanza kwenye yule wa mguu mmoja. Nimempaka masharubu ya machungwa. Kapendeza, maskini. Macho nimemwekea mawili, hayalingani, lakini sasa anaona. Nimemgeuza, asiangalie ukuta tena.

Jina kwenye kibao cha shaba. Nalifikiria. Nalifikiria sana, sijifanyi. Nilishaliona kwa macho, na kivuli chake. Vijiti vya binti bado viko mezani, boksi zote mbili hazijafunguliwa. Spiriti iko pembeni. Kumaliza kumtoa ni kazi ya muda mfupi tu. Kumrudisha sijui kama naweza.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi. Naandika kwa mkono mmoja, wa kushoto umemshika Malkia miguuni. Siwezi kumlaza.

Nimeamka, nikaoga, nikavaa nguo nzuri. Nikakaa mezani. Nikafungua boksi la vijiti, nikatoa kimoja, nikakichovya kwenye spiriti, nikakifikisha mpaka kwenye kovu, ile nusu iliyobaki. Mkono ukagoma. Mkono huu umebeba kila kitu nilichoamriwa na kila nyapara, haujawahi kugoma.

Basi nikachukua brashi.

Nimeanza na kitambaa. Rangi yake ni laini, yangu ina mabonde. Panapokutana panaonekana kabisa, kama ukuta wa mafundi wawili. Fundo limenishinda, nimeacha lake. Karai nimelibandika, zito, anainama upande kidogo. Na mimi nainama. Kovu nimelifanya mwisho, brashi ya nywele moja, pumzi nimeishika mpaka macho yakatoka machozi — ya pumzi. Nusu lake, nusu langu. Limepinda. Na la kweli limepinda.

Binti kafika mapema, kaja kunisaidia kufunga kikosi kwenye taulo. Kaniona na brashi. Nikangoja mvua ya maneno. Kasogea, kamwangalia Malkia karibu, karibu sana, mpaka nikamwambia usimpumulie. Kasema tu:

— Mama, umempaka mpaka sikio.

— Kitambaa kinafunika sikio.

— Kweli. Kinafunika.

Kisha akauliza, na kibao? Nikamwambia baba yako aliambiwa kila mkutano aitoe, akakataa. Yeye ndiye mchora vibao, alijua kibao ni nini. Alishachagua jina la kuandika, na halikuwa lake. Kachukua taulo, kaanza kumfunga Kidevu, gusa uinue.

Sijui kama nimefanya vizuri. Nasema ukweli. Nikipita ukumbi ule mwaka kesho nikaona kabati la mbele lina jina la mtu mwingine, nitatapika.

Hodi.

Ni Katibu. Gari nalisikia linaunguruma nje. Hodi shemeji, na sauti nyingine nyuma yake, wawili watatu — kaja na kamati! Wazee wa midoli wamejaa mlangoni kwangu, najua wote wamevaa glavu.

Binti anatazama dirishani, ananitazama. Ananiuliza kwa mdomo bila sauti: tumfiche?

Hodi tena. Mtu nje anasema labda hawapo. Mwingine anasema wapo, nasikia harufu ya rangi.

Nimejifunga kitambaa changu kichwani. Nimesimama, Malkia mkononi mbele yangu.

Nimewaambia karibuni. Rangi haijakauka.